Wote Wanasema Nilimwokoa Mtoto Baharini

Naomba mfiche jina langu. Mtaa naweza kuutaja: Kampemba, hapa Lubumbashi, ni mkubwa, hautanifichua. Nina miaka thelathini na tatu, ni mshonaji, na huu ni mwaka wa tatu tangu niolewe na mwanaume aliyefiwa na mke. Alikuwa na binti mmoja, leo ana miaka kumi na moja. Nitamwita Merveille. Mimi sijajaliwa mtoto.

Merveille hakunisumbua, ila hakunikaribia. Aliniita tantine, kama shangazi tu, akala nilichopika, akajifungia chumbani. Bibi yake mzaa mama, anayelima huko Lukafu, hakutaka hata salamu yangu. Kila likizo alimwambia mume wangu, "Unipatie mutoto wangu. Ule mwanamuke hatamuchunga."

Krismasi iliyopita mume wangu, ambaye kazi yake ni kufuatilia mizigo bandarini Afrika Kusini, aliamua kutuchukua sote twende naye huko. Alisema tusifikie hotelini, tulale kwenye hema, tupate kuzoeana. Akatupeleka kwenye hifadhi moja kando ya bahari: mahema chini ya miti, mchanga hadi mlangoni, tumbili wanaoiba mkate mezani. Mimi na Merveille hatukuwahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Siku tatu za kwanza zilikuwa nzuri kuliko zote za ndoa yangu. Tumbili aliponinyang'anya ndizi, Merveille alicheka mpaka akakaa chini. Tulichoma samaki pamoja, tukalala watatu ndani ya hema moja.

Siku ya nne, asubuhi, mume wangu alikwenda kununua makaa kwenye duka la getini. Ufukweni palikuwa na bendera mbili, na watu walitakiwa kuoga katikati yake tu. Palijaa watu. Mimi ndiye niliyesema, "Twende kule pembeni, hakuna bantu." Hilo nalo sijamwambia mtu.

Maji yalikuwa kiunoni, tumeshikana mikono. Ghafla mchanga ukatoroka chini ya miguu na maji yakatuvuta. Hakuna kati yetu anayejua kuogelea. Merveille alinikumbatia shingoni, nikazama, nikameza chumvi, nikaibuka, nikazama tena. Halafu nikafanya jambo ambalo naliandika hapa kwa mara ya kwanza. Nilibandua vidole vyake shingoni mwangu, kimoja kimoja, nikamsukuma. Wimbi lililofuata likanitupa mahali nilipoweza kusimama. Nilitoka nikitambaa. Hata kelele sikupiga.

Bahati, mwokoaji mmoja wa pale ufukweni alikuwa ameshatuona. Aliingia na ubao wake, akamtoa mtoto akiwa hai, anatapika maji. Mume wangu alipofika mbio tulikuwa tumefunikwa taulo moja. Kabla sijafungua mdomo, Merveille alisema, "Papa, mama alinishika mpaka ule muntu akafika."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita mama. Nikanyamaza.

Tangu turudi, mume wangu amesimulia parokiani, kwa majirani, kwa ndugu zake wote. Wateja wanakuja kushonesha nguo na kunipa pongezi. Mwezi uliopita yule bibi alitoka Lukafu na kuku wawili na unga wa mahindi, akapiga magoti mbele yangu, mtu mzima vile, akasema, "Unisamehe, mwana wangu. Nilikuwa nakuzania mubaya. Mutoto iko wako sasa, sitamuomba tena." Nilikimbilia jikoni nikijifanya nabandika maji.

Siwezi kutulia. Naanza gauni, naliacha. Nafagia uwanja uliokwishafagiliwa. Natoka hadi barabarani, nasimama, sijui nilikuwa nakwenda wapi. Na tukivuka barabara, Merveille hanipi mkono. Anashika mkoba wangu.

Juzi nilikuwa namsuka, nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza sababu. "Merveille, juu ya nini ulisema nilikushika?"

Alijibu bila kugeuka, "Juu papa angekufukuza. Halafu ningebakia na nani?"

Nikaacha kusuka.

"Ulisikia woga, mama. Na mi nilisikia woga. Lakini siku ingine usinitoe vidole."

Jumapili ijayo kuna misa ya shukrani. Baada ya misa, familia ya marehemu mama yake Merveille itanikabidhi mtoto rasmi mbele ya watu, na mume wangu ameniomba nisimame nisimulie mwenyewe ilivyokuwa. Nikisema ukweli, bibi atamchukua Lukafu, mtoto ataitwa mwongo, na ndoa yangu sijui kama itabaki. Nikinyamaza, nitakuwa nimemwachia mtoto wa miaka kumi na moja abebe kosa langu maisha yake yote, na yeye hajaniomba chochote ila nisimtoe vidole.

Mnaosoma, hasa ninyi mliolea watoto msiowazaa, ninawasihi mnijibu kabla ya Jumapili: nikisimama pale mbele yao, niseme nini?