Shangazi Opereta Apanga Nyumba ya Ufukweni

Ukoo mzima ulimwita Shangazi Opereta, hata wale ambao kwao hakuwa shangazi. Jina lilitokana na kazi. Tangu usichana wake hadi alipoota mvi alikuwa akikaa katika chumba kidogo kando ya ngazi za hospitali kubwa, vifaa vya kusikilizia masikioni, akipokea simu za watu na kuwaunganisha. "Subiri kidogo nikuunganishe," alikuwa akisema, kwa sauti laini iliyowafanya watu wasahau kukasirika. Daktari mmoja mgeni alishuka siku moja kumtafuta mwenye sauti ile. Alipofungua mlango alimkuta mama mtu mzima amevua viatu, anatafuna karanga. Daktari akasema amepotea njia.

Hakuolewa. Si kwamba hakuposwa. Aliposwa, tena na watu wa maana. Lakini wifi yake alifariki mapema, kaka yake akabaki na watoto watatu wadogo asijue hata pa kuanzia, naye akahamia kwao kwa muda. Muda ukawa miaka. Aliwaosha, akawapeleka shule, akawachapa na kuwabembeleza, na wachumba si watu wa kungoja. Watoto wakakua, kila mmoja akashika njia yake: Dada Mkubwa akaolewa mji mwingine, wa kati akapata kazi benki, na Kitinda, kitindamimba wa nyumba, akawa mtu wa shughuli nyingi ambazo hakuna aliyezielewa vizuri. Shangazi akarudi kwenye nyumba yake ya kupanga, yeye na redio.

Hospitali ilipoleta mtambo unaowaambia wapiga simu wabonyeze namba hii au ile, Shangazi alikatiwa keki, akapigiwa makofi, akastaafu. Wiki za kwanza alilala hadi jua kali. Halafu akaanza kuamka alfajiri akiwa hana pa kwenda.

Ndipo lilipomjia wazo la bahari. Alitaka wawe wote chini ya paa moja tena, hata kwa wiki tu, watoto na wajukuu, watu wagombanie bafu asubuhi kama zamani. Dada Mkubwa alipokuja kumsalimia akamwonyesha picha kwenye simu.

"Shangazi, hii hapa! Fleti ya vyumba vitatu, jiko ndani, roshani inatazama bahari. Tunatosha wote."

"Na kaka?"

"Baba na magoti yake hawezi safari. Lakini sisi wote tunakuja, we panga tu."

Shangazi akapanga. Kabla ya kulipa alimpigia dalali, maana mambo ya simu hakuna wa kumfundisha.

"Bahari iko mbali?"

"Mama, ukitoka mlangoni bahari hiyo hapo."

"Hiyo hapo kwa macho au kwa miguu?"

Dalali akacheka. "Kwa vyote viwili, mama yangu."

Alitangulia peke yake siku moja kabla ya wengine ili akaandae. Alipokelewa na msimamizi wa jengo, mtu mwembamba mwenye rundo la funguo kiunoni, ambaye alimpandisha kwa lifti na kumtembeza chumba hadi chumba huku akitoa maelezo ambayo ilionekana amekwisha kuyasema mara nyingi.

"Maji ya bomba yana chumvi, ya kunywa utanunua dukani. Huu mlango wa roshani umevimba kwa unyevu. Uinue kidogo ndipo usukume. Kiyoyozi cha chumba kikubwa kinapiga kelele lakini kinapoza. Cha chumba cha kati kimetulia kabisa, ila hakipozi. Na tafadhali, mchanga wauoshee chini kwenye bomba la nje. Ukiingia bafuni unaziba, tunafukuzana na mafundi."

Shangazi aliinua mlango, akausukuma, akatoka roshani. Mbele yake palikuwa na ukuta wa jengo jingine, na nguo za ndani za mtu zikikauka dirishani.

"Bahari iko wapi?"

Msimamizi alijikuna shingo. "Picha zilipigwa kabla jirani hajajenga. Lakini ukisimama jikoni, pale kwenye sinki, ukaegemea kushoto, unaiona."

Akaenda jikoni, akaegemea kushoto. Kweli, palikuwa na kipande cha buluu, chembamba kama utepe. Shangazi akacheka mpaka akashika kiuno. Aliona hilo litakuwa jambo la kuwasimulia watoto: kwamba atakayetaka kuiona bahari lazima kwanza aoshe vyombo.

"Mko wangapi, mama?" msimamizi aliuliza akimkabidhi funguo.

"Familia nzima," alijibu, na akajisikia anavyolisema neno hilo kwa maringo.

Alitandika vitanda vyote kwa mashuka aliyokuja nayo, maana ya pale aliyanusa hakuyaamini. Akajichagulia chumba kidogo chenye kitanda kimoja, vile vizuri akawaachia wengine. Akapika chungu kikubwa cha mchuzi. Jioni akaketi sebuleni, simu mapajani.

Wa benki ndiye aliyeanza kuandika kwenye kundi la familia. Bosi wake amemnyima ruhusa, mambo yamebana, anaomba radhi sana. Nyie tangulieni, mtupigie picha. Baadaye kidogo akaandika Dada Mkubwa: mtoto ana homa, mume naye kasafiri na gari, labda mwisho wa wiki, labda isiwezekane. Msimsubiri. Kitinda akaandika kwamba yeye anakuja kesho bila wasiwasi.

Shangazi akajibu kila mmoja: "Hakuna neno. Mtoto apone haraka." Kwa maandishi, kama ilivyokuwa kwa sauti, alijua kuwafanya watu wasijisikie vibaya.

Kesho yake Kitinda akasema kesho. Chungu cha mchuzi kilikuwa kimejaza rafu nzima ya friji, na kila alipoifungua kilimtazama. Alishuka hadi ufukweni, akakuta barabara ya magari ya kuvuka kwanza, kisha ukuta wa hoteli wa kuzunguka, kisha mchanga. Watu walikuwa wamekaa makundi makundi juu ya mikeka na taulo. Mtu wa peke yake pale hajui aketi wapi. Kila nafasi ilionekana imo katikati ya familia ya watu. Alisimama kidogo kama anayemsubiri mtu, akarudi.

Siku iliyofuata, mchana, mlango ukagongwa. Alifungua akiwa tayari ameanza kumgombeza Kitinda, akakuta watu asiowajua: baba mwenye kofia ya majani, mkewe, mama mkwe aliyejishika kiuno kwa uchovu, na watoto watatu, mmoja wao amevaa boya la kuogelea tumboni tayari kwa maji. Mizigo ilijaa korido.

"Samahani mama," baba akasema, "nyinyi mnatoka saa ngapi?"

"Tunatoka? Mimi nimelipia wiki nzima."

"Na sisi tumelipia kuanzia leo."

Wakaonyeshana simu. Nyumba ni hiyo hiyo, dalali ni yule yule. Baba akampigia pale pale, na sauti ya mashine ikamjibu kwamba namba anayopiga haipatikani. Akapiga tena, ikarudia yale yale. Mtoto mwenye boya akaanza kulia. Mama mkwe akaketi juu ya sanduku, akasema kwa sauti ya chini kwamba alijua tu, alisema tangu nyumbani, lakini yeye nani amsikilize.

Shangazi aliangalia nyuma yake, vitanda vilivyotandikwa mashuka yaliyopigwa pasi.

"Ingieni," akasema. "Nafasi ipo. Mchuzi upo pia."

Nyumba ikajaa kwa dakika. Viatu mlangoni, taulo juu ya viti, mtoto anaita kutoka chooni kwamba maji hayashuki. Mama mkwe akalala chumba kikubwa chenye kiyoyozi cha kelele, akakoroma kukishinda. Mchuzi ukaisha chungu kikabaki cheupe, na yule baba akasema hajala hivyo tangu afiwe na mama yake. Watoto walimwita bibi kabla hajawaambia wamwite nani. Jioni alikaa sakafuni akimtoa msichana mdogo mchanga nywelini, fungu kwa fungu, huku mtoto akimsimulia jambo refu lisilo na mwanzo. Asubuhi watu waligombania bafu. Shangazi alisimama koridoni na taulo lake begani, wa mwisho kwenye foleni, akifurahi kama mjinga.

Alipoanika nguo za kuogelea za watoto roshani, zile ndogo ndogo za rangi kali, alizipiga picha na kuituma kwenye kundi la familia bila kuandika kitu.

Majibu yakamiminika. "Aa, kumbe mmefika! Mnatutamanisha!" aliandika wa benki. "Dada, hatimaye ulipata gari?" Dada Mkubwa naye, ambaye kwa kawaida husoma harakaharaka, akaandika: "Kitinda, umeenda na watoto wa nani hao? Msimchoshe Shangazi!" Kitinda akaweka tu kidole gumba. Shangazi alisoma akatambua kwamba kila mmoja wao anaamini wenzake wapo. Aliandika jibu, akalifuta, akaiweka simu kifudifudi.

Mchana huo wote walikwenda ufukweni pamoja. Safari hii alikuwa na mkeka wa kuketi na watu wa kuketi nao. Yule baba akawapanga watu wake mbele ya maji, mama wa mkewe katikati, watoto mbele. Shangazi akainuka, akakung'uta mchanga, akatengeneza kitambaa chake kichwani.

"Bibi, tupigie basi," baba akasema, akamnyooshea simu.

Mkono wake ulichelewa kidogo tu. Aliipokea. "Sogeeni karibu," akasema. "Karibu zaidi. Hivyo hivyo." Akawapiga nyingi ili wachague.

"Umetukata miguu!" mke alisema akizitazama, na wote wakacheka, na Shangazi akacheka nao.

Dalali alipatikana jioni ile. Alikuwa na maelezo marefu ya mtandao na msaidizi aliyechanganya tarehe, lakini mwisho wa yote aliwapatia wale watu nyumba nyingine mtaa wa pili, yenye bwawa la kuogelea. Watoto waliposikia bwawa walifunga mizigo wenyewe. Mlangoni msichana mdogo akamvuta mama yake mkono.

"Bibi haji?"

"Bibi ana watu wake," mama akamwambia. "Wanakuja. Si ndiyo, bibi?"

"Wako njiani," Shangazi alisema.

Walishukuru mno, mama mkwe hata akamkumbatia. Lifti ikashuka nao, na kelele zao zikawa zinapungua ghorofa baada ya ghorofa. Shangazi akafagia mchanga. Akavua mashuka ya vitanda vyao, akayaloweka, akasita juu ya mashuka safi aliyobakiwa nayo. Hakutandika tena.

Kaka yake alipiga kesho yake asubuhi. Masikio yalikuwa yamemwisha na alikuwa akiongea kwa kupayuka, kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Haya, dada! Hebu nipe wajukuu zangu niwasikie!"

"Hawapo hapa, kaka."

"Wako majini eh? Nipe basi Dada Mkubwa."

"Hakuja."

"Nani?"

"Hakuja. Mwana ana homa."

"Basi nani yupo hapo?"

"Nipo mimi."

"Wewe na nani?"

Alikuwa amesimama jikoni. Maisha yake yote alikuwa amewaambia watu wasubiri kidogo, atawaunganisha, na hapa hapakuwa na mtu wa kumuunganisha naye. "Kaka," alisema, na sauti ikamtoka isivyo kawaida yake, nene na yenye mikwaruzo, "nipo mimi. Peke yangu. Tangu nimefika."

Kaka yake hakupayuka tena. Shangazi alimsikia akipumua, akasikia kiti kikilia pale alipoketi, akasikia na jogoo wa jirani yao. Wakakaa hivyo, simu wazi, mpaka kaka akakohoa na kusema, "Mimi magoti haya, dada. Ningekuja."

"Najua."

Mchana ule alikwenda baharini na gauni lake la nyumbani. Hakutafuta pa kuketi. Alipita katikati ya makundi moja kwa moja mpaka majini, magoti, kiuno. Gauni likavimba kumzunguka. Wimbi likamsukuma, akapiga ukelele wa mshtuko, akageuka kutazama kama kuna aliyemwona. Hakuna aliyemwona. Akabaki humo mpaka vidole vikakunjamana.

Kitinda alifika siku moja kabla ya kuondoka, macho mekundu ya safari, begi moja mgongoni. Ilikuwa wazi kwamba baba yake alikuwa amempigia, na kwamba hakumbembeleza. Alikula, akaomba radhi, akaeleza mambo ya shughuli zake, akalala usingizi mzito katikati ya maelezo, miguu ikining'inia nje ya kochi. Shangazi alikaa karibu akikodoa macho kwenye televisheni iliyozimwa. Sicho alichokitaka. Lakini palikuwa na mtu mwingine anapumua ndani ya nyumba, naye akamfunika shuka.

Asubuhi msimamizi alikuja kukagua. Alifungua kabati, akajaribu bomba, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Safi sana, mama. Wengine wakitoka hapa ni kama vita imepita. Mtarudi mwakani?"

"Mnazo za chumba kimoja?"

"Zipo, za jengo la nyuma. Ila hazipangwi sana. Watu huja na familia zao."

"Niwekee moja mwakani. Kwa jina langu."

Kitinda alikuwa akifunga zipu ya begi. Akainua uso. "Shangazi, mwakani tunakuja wote. Haki ya Mungu tena."

Shangazi akamsogelea, akamnyoosha kola ya shati iliyojikunja upande mmoja, akamwambia achukue ule mzigo mzito wenye mashuka, yeye atabeba chungu.