Moshi wa Kuombea Kiwanja

Niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba ile ndege ndogo isiyo na rubani ilikuwa inakuja Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, kuhesabu mioshi. Moshi mmoja, familia moja. Familia moja, kiwanja kimoja. Habari hiyo nilipewa na mwendesha boda aliyenileta kutoka Mbarara, naye aliapa kwa pikipiki yake. Mimi, mhitimu wa shule ya jioni ya Nyamityobora, sikuona kasoro katika hesabu hiyo. Nikakadiria palepale: kwa namna tunavyozaana, nyumba za Rubondo, mtaa wetu hapo kambini, zingefika Mbarara kabla sijaota mvi, na wa mwisho kugawiwa angejenga ziwani.

Aliyehitaji kiwanja ni mdogo wangu. Alikuwa na mchumba, lakini wazazi wa binti walikataa kumtoa akalale nyuma ya pazia, na mama mkwe upande wa pili. Walikuwa na haki. Kwetu Kivu ya Kusini hiyo ni aibu. Basi mdogo wangu alikuwa amekusanya miti ya kujengea, ikaegemea ukuta ikingoja ardhi.

Asubuhi ya ndege, kuni zilikuwa zimekwisha. Nikaitazama ile miti.

"Yaya, ile ni ya nyumba yangu," akasema mdogo wangu; kwetu yaya ni kaka mkubwa.

"Na nyumba utaijenga fasi gani, juu ya kichwa?"

Akacheka, akachukua shoka.

Tuliwasha moto mbele, nyuma, na kando ya choo. Moshi ulikuwa mzito hata kuku wakadhani jua limetua, wakaingia kulala. Mama akatoka akikohoa.

"Munawasha moto bila chungu! Munapika nini, upepo?"

"Tunapika kiwanja, mama."

Ndege ikapita, ikarudi, ikaenda zake. Majirani nao walikuwa wanapika viwanja vyao.

Alasiri akaja kwa miguu mama mmoja wa mipango ya makazi, mwenyeji wa Mbarara. Aliuliza tuko wangapi, na nani amekaribia kuoa. Mdogo wangu akajitaja haraka. Mimi nikamwonyesha majivu, nikamweleza jinsi miti ya nyumba ilivyogeuka mioshi yetu, asije akausahau hata mmoja.

Akaacha kuandika.

"Ssebo, bwana, moshi hatuhesabu. Ndege inapiga picha ya njia za maji tu. Nyumba za siku za mbele tunapima na watu: huyu ataoa, yule mtoto atakua. Ndugu yako nimeandika. Kiwanja kikipatikana, atatafuta miti mingine."