Muonja Chumvi

Katika nyumba yetu ya mtaa wa Amani kila mtu alikuwa na kazi yake, na yangu wakati wa Ramadhani ilikuwa kuonja chumvi. Tulikuwa wasichana watatu wa chuo kimoja, tumepanga vyumba viwili na jiko. Mmoja alikuwa Mkatoliki kutoka Songea, mcheshi, bingwa wa kuvunja vikombe. Wa pili alikuwa Muislamu wa kisiwa cha Tumbatu, na yeye peke yake ndiye aliyejua kupika. Mimi nilikuwa Mlutheri wa Njombe, niliyeshuka Unguja na masweta mawili yasiyo na kazi na majivuno mengi kuhusu imani yangu.

Wapishi wengine waliofunga huonja mchuzi kwa ncha ya ulimi kisha wakatema, lakini Mtumbatu wetu hakutaka. Alisema hauamini ulimi wake mbele ya tui la nazi. Kwa hiyo kila alasiri alikuwa akiniita jikoni, nami naitika naam kama alivyonifundisha, nachukua kijiko, naonja, natoa hukumu. Niliipenda kazi hiyo kuliko masomo.

Mwaka wetu wa pili Kwaresma na Ramadhani zilikutana. Mkatoliki wetu alikuwa na utaratibu wake wa Ijumaa bila nyama, na mimi nilikuwa nimeacha soda tu, tena kwa manung'uniko. Ndipo Jumapili moja Mtumbatu akatuambia, huku akichambua mchele asitutazame, kwamba mama yake anakuja Ijumaa. Kuna watu kijijini waliomwambia kuwa binti yake anakaa na Wakristo wanaopika nguruwe kwenye sufuria zilezile. Mama angefuturu nasi, angejionea mwenyewe, na kama hakuridhika angemchukua mwanawe akakae kwa shangazi yake Ng'ambo, mjini humohumo.

Nguruwe hakuwahi kuvuka kizingiti chetu. Hilo tulikubaliana siku ya kwanza. Lakini nilijua maneno yakishafika mbali hayarudi kirahisi, na niliogopa. Kabla ya kukaa na Mtumbatu sikuwahi kuwa na rafiki ambaye naweza kunyamaza naye saa nzima bila kuona haya. Sikutaka aende.

Basi nikaamua kufunga. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi mpaka jua litue, nikimwomba Mungu atuachie mwenzetu. Na kwa kuwa Yesu alifundisha kwamba anayefunga asijitangaze, anawe uso na kujipaka mafuta, mimi nilijipaka mafuta mpaka nikang'aa. Sikumwambia mtu. Jioni nilikula futari pamoja nao, kwa hiyo siri ilijilinda yenyewe.

Isipokuwa kwenye kijiko. Jumatatu alasiri nikaitwa, nikaitika, nikagusisha kijiko mdomoni bila kuonja, nikasema chumvi iko sawa. Mkono wa Mtumbatu ulikuwa mzuri, na kweli ilikuwa sawa. Jumanne vivyo hivyo, mpaka Alhamisi. Nilijiona nimekamilika kiroho. Kwamba nilikuwa nadanganya mara moja kila siku ili nisionekane mcha Mungu, hilo halikunigonga hata kidogo.

Ijumaa mama alifika mchana na kikapu cha ndizi mbivu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaingia jikoni kabla hata hajakaa. Alifunua sufuria moja baada ya nyingine, akanusa vifuniko. Mkatoliki alikuwa ameshaenda kanisani kwa ibada ya Njia ya Msalaba, kwa hiyo tulikuwa mimi na Mtumbatu tu, tumesimama kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Mlo wa siku hiyo ulikuwa muhogo wa nazi kwa papa mkavu, chakula anachokipenda mama. Kwa hofu ya mama, Mtumbatu hakuuamini tena mkono wake. Mama alipotoka kwenda kutawadha, Mtumbatu akanisogezea kijiko, akaniuliza chumvi imekolea? Nikagusisha mdomoni. Hapo nikafikiri kwamba nimesema "sawa" siku nne mfululizo, atashuku. Ili uongo wangu uwe na uzito, nikakunja uso kidogo nikamwambia aongeze. Akaongeza kijiko kizima. Papa mkavu ana chumvi yake mwenyewe, kila mtoto wa pwani analijua hilo. Mimi nilitoka Njombe.

Magharibi ilipoadhiniwa tulikaa mkekani. Mkatoliki alikuwa amerudi. Tende zikapita salama, uji ukapita salama. Kisha mama akatia tonge la muhogo mdomoni, akatafuna mara mbili, akaacha. Mkatoliki naye alitia lake, macho yakamtoka, akameza. Baadaye alituambia aliihesabu kuwa toba ya Ijumaa ile. Mtumbatu alionja, akaweka mkono kifuani, na machozi yakaanza kumlengalenga.

Mama akanywa maji, akauliza kwa utulivu, "Kaonja nani?"

Hakuna aliyenitazama, na hilo ndilo lililonivunja. Walikuwa tayari kunyamaza kwa ajili yangu.

"Mimi, mama," nikasema. "Lakini sikuonja. Nimefunga."

"Umefunga nini wewe?"

Nikamweleza yote: Kwaresma, siri, mafuta ya uso, siku tano. Alipouliza nafungia nini, nikashindwa kumdanganya tena. Nikamwambia nilikuwa namwomba Mungu asituchukulie binti yake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Mama akaweka kikombe chini. "Unamfungia mwanangu," akasema, "kisha unataka kumuua kwa chumvi."

Akacheka. Alicheka mpaka ushungi ukamteleza, nasi tukacheka kwa woga kwanza, kisha kwa kweli. Halafu akainuka, akaibeba sufuria akaingia nayo jikoni, akaniita. Akanikalisha juu ya mbuzi nikune nazi nyingine, akamwaga ule mchuzi, akatia tui jipya lisilo na chumvi. Huku nakuna aliniuliza tunaswalije sisi, na kama baba yangu anajua nimefunga. Tulikula tukashiba.

Kesho yake aliondoka na kikapu kitupu, bila binti yake. Mlangoni alimwambia binti aniamshe na mimi wakati wa daku, maana mtu hafungi na tumbo tupu. Nami njiani kwenda kanisani Jumapili ile nilimshukuru Mungu, nikamwomba pia msamaha, kwa sababu nilikuwa nimeificha saumu yangu kwa watu walewale niliokuwa nawaombea.

Tumehitimu, tumeolewa, tumetawanyika. Mkatoliki yuko Songea na bado anavunja vikombe. Mtumbatu anafundisha Makunduchi. Mwaka huu mama yake alipooza upande mmoja, akahamia kwa binti, nami nikavuka bahari kwenda kuwaona. Ilikuwa Ramadhani tena, na Kwaresma tena.

Alasiri, mwenzangu aliniita jikoni. Nikaitika naam. Akanisogezea kijiko.

"Siwezi, shoga yangu," nikamwambia. "Nimefunga."

Akakishusha kijiko taratibu. "Safari hii unamfungia nani?"

Nikaelekeza kichwa kwenye chumba cha pili, alikolala mama. Mwenzangu akageuka upande wa meko, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, tukakaa kimya kama zamani.

Mama alikuwa akitusikiliza. Sauti yake siku hizi ni nzito na maneno humtoka polepole. "Kaonja?" akauliza.

"Hakuonja, mama. Kafunga."

Kisha sauti ile ikaja tena.

"Basi kuneni nazi mbili."