Wimbo Niliowapa Kwaya Waanze Kuusoma

Mpaka leo nina hasira, na sijui nimkasirikie nani kama si mimi mwenyewe. Niko kwenye mazoezi ya ualimu katika shule moja ya Makongeni, Thika, na wiki jana mkaguzi kutoka chuo alikuja kuniona nikifunza kwaya kusoma nota za wimbo mgeni. Kabatini nilikuwa nimepata karatasi kuukuu ya do-re-mi, haina kichwa wala maneno. Nikainakili ubaoni.

Waliimba yote mara ya kwanza bila kosa, wengine wakitazama nje dirishani. Nikachemka. Nani husoma nota akiangalia ng'ombe wa jirani?

"Ni nani aliwaonyesha hii karatasi?"

Wanjiru, kiongozi wa soprano, akainua mkono. "Mwalimu, hii tunaijua."

"Najua mnaijua. Sitaki maelezo."

Nikamlalamikia mkaguzi kuhusu watoto wa siku hizi na udanganyifu, naye akawa anaandika tu. Kisha nikaamuru warudie kwa sauti zaidi, waone haya.

Deputi, yaani naibu wa mwalimu mkuu, alikuwa akipita. Akasimama mlangoni wima, mikono ubavuni, mpaka wakamaliza.

"Mwalimu, mbona mnaimba wimbo wa shule saa hii?"

Nikawageukia wanakwaya. Kwa nini hawakuniambia?

"Tulifikiri unaujua," Wanjiru akasema kwa upole. "Kila Jumatatu kwa paredi tunakuona ukiimba na sisi."

Huwa nachezesha midomo tu. Mkaguzi alinitazama, kisha akafungua ukurasa mpya.