Taa ya Jikoni

Jirani yangu hupangusa amplifaya ya mumewe kila asubuhi, vitufe kwanza, kisha matundu ya nyuma. Haijawashwa tangu mume aende kufanya kazi ng'ambo, mwaka wa tatu sasa. Jana fundi umeme alikuja kumbadilishia swichi, akakagua nyaya.

"Mama, waya huu mwembamba. Amplifaya ikiwashwa, taa ya jikoni inafifia. Nikuwekee mnene?"

"Uache hivyo hivyo, baba. Yeye akirudi kutoka kazini huwasha muziki kabla ya salamu. Mimi niko jikoni, taa inafifia, najua mwenyewe kaingia."

"Si atapiga hodi?"

"Yule? Hodi haijui yule!"

Walicheka wote. Fundi akaukunja waya wake mpya. Jirani akaenda jikoni, akawasha taa mchana kweupe, akasimama chini yake.