Sauti Iliyochezwa Baada ya Yangu

Mwalimu wetu wa Kiswahili katika darasa la saba ndiye mtu wa kwanza aliyenifanya nisikie sauti yangu mwenyewe.

Alikuja shuleni kwetu, nje kidogo ya Kimumu, baada ya mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4 kuingia, wakati ambapo Kiswahili kilikuwa kimeanza kutahiniwa na walimu wengine walikuwa wanakiogopa kuliko sisi. Yeye hakukiogopa. Alikuwa kijana, mpole, na siku ya kwanza aliingia darasani amekumbatia kinasa sauti cha betri kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Alitueleza kwamba mtu hajui anavyoongea mpaka ajisikie. Kila Ijumaa alichukua wanafunzi wachache, mmoja mmoja, akawapeleka stoo ya vitabu. Unasoma aya moja, anarudisha kaseti nyuma, mnasikiliza pamoja.

Aya yangu ya kwanza, mwezi wa pili, ilianza kwa kusema kalamu ya mwalimu imepotea. Kaseti ilipochezwa nilisikia msichana nisiyemjua akisema karamu ya mwarimu. Nyumbani kwetu sote tulisema hivyo. Wazazi wangu, ambao lugha yao haina L, walikuwa wametoka Mkoa wa Kati wakanunua ekari mbili za shamba huku, na Kiswahili walikuwa wamejifunzia sokoni. Nilitamani kujificha nyuma ya makatoni ya vitabu. Mwalimu hakucheka. Aliniambia kaseti ile ni yangu mimi na yeye tu, na kwamba mwisho wa mwaka angechukua usomaji wa kwanza na wa mwisho, auweke pamoja, nisikie mahali nilipotoka.

Nilimwamini kabisa. Nilipalilia mahindi huku nikisema lala, lima, lori, kalamu, mpaka dada zangu wakaniomba ninyamaze. Betri zilipoishiwa nguvu shuleni tulizianika juani, na zilipokataa hata kwa jua, nilimwomba baba zile za redio yake. Baba alipenda taarifa ya habari kuliko chakula, lakini alizitoa. Jumamosi asubuhi alikuwa anakwenda kuuliza kwa jirani serikali ilisema nini jana.

Kufika muhula wa tatu nilisoma ukurasa mzima nikateleza mara mbili tu. Mwalimu alirudisha kaseti, tukasikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama najisikia. Nilimwomba airudishe tusikilize tena.

Wiki chache baadaye alitangaza kwamba mkaguzi wa elimu amesikia habari za njia yake, na walimu wa wilaya nzima, kutoka Soy mpaka Kesses, wataitwa ukumbini mjini waione. Angekwenda na wanafunzi wawili, mimi na jirani yangu wa dawati. Nilishangaa kidogo kuhusu yule mwenzangu. Baba yake alikuwa karani wa reli aliyehamishwa kutoka Mombasa, na yeye hakuwahi kuhitaji stoo ya vitabu. Kiswahili kilimtoka bila kufikiri. Siku mbili kabla ya safari nilimwona akitoka mle stoo. Nilipomuuliza, alisema ametumwa chaki.

Mama aliipiga pasi sare yangu mara mbili. Nilimwambia watu wote watasikia nilivyokuwa na nilivyo sasa.

Ukumbini mwalimu alieleza njia yake vizuri sana. Kisha akabonyeza kitufe na sauti yangu ya mwezi wa pili ikajaa ukumbi. Karamu ya mwarimu imepotea. Walimu walicheka. Mmoja aliyekaa karibu na dirisha aliirudia kwa mwenzake, wakacheka tena. Nilijiambia nivumilie, ya pili inakuja.

"Na huyu ni mtoto yule yule," mwalimu akasema, "baada ya miezi minane."

Sauti iliyotoka ilikuwa ya jirani yangu wa dawati.

Walimu waliguna kwa mshangao. Mkaguzi akauliza kama mtoto mwenyewe yupo. Nilikuwa nimeanza kuinuka, mwili ulinitangulia. Mwalimu aliniona. Akamnyooshea mwenzangu mkono, akamwambia asimame awasalimie walimu. Akasimama, akawasalimu kwa Kiswahili chake cha Mombasa, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nilirudi kukaa. Nilipiga makofi pia, kwa sababu watu wote walikuwa wanapiga.

Nje, karibu na mfereji, mwenzangu alisimama mbele yangu bila kunitazama.

"Alinikataza nisikuambie," alisema.

Nilifungua mfereji nikanywa maji. Mpaka muhula unaisha tulikuwa tunakaa dawati moja kama watu wasiofahamiana.

Jumatatu baada ya safari ile nilikwenda stoo bila kuitwa. Nilimuuliza mwalimu kwa nini hakucheza usomaji wangu wa mwisho. Hakukasirika. Aliniambia, kwa upole ule ule wa siku zote, kwamba watu hawatoki Soy na baridi ya asubuhi kuja kusikiliza mtoto ambaye bado anateleza. Walihitaji kuona kwamba njia inafanya kazi.

"Lakini kwangu ilifanya kazi," nikasema.

"Kidogo," akasema.

Nilimwomba basi anichezee usomaji ule, mara moja tu, nikiwa peke yangu. Ndipo aliponiambia haupo tena. Kaseti zilikuwa chache, na alikuwa amemrekodi mwenzangu juu yake.

Mwaka uliofuata alipandishwa cheo akawa mshauri wa walimu katika shule kadhaa, akaondoka na kinasa sauti chake. Nilisikia kwamba kule alikokwenda kanda yangu ya mwezi wa pili iliendelea kuchezwa. Aliyetufundisha baada yake alitusomesha kutoka kitabuni, na mimi nikawa sisomi kwa sauti. Akinitaja, nasimama na kunyamaza mpaka achoke aite mwingine. Sekondari waliniita mkaidi na kuliandika hilo kwenye ripoti. Baba aliisoma, akaniuliza kimenipata nini, nikamwambia koo linauma.

Nilikuwa na watoto wawili nilipokubali tena kusoma mbele ya watu, kanisani Kimumu, mistari michache tu. Palipokuwa na herufi L nilipunguza mwendo. Hakuna aliyecheka, na nadhani hakuna aliyekuwa anasikiliza kwa makini kiasi hicho.