Mwiko Uliofungwa kwa Kanga

Katika safari zangu zote, mwanangu, siku ninayoikumbuka zaidi ni moja ya nyumbani, Nyamwaga. Nilikuwa nimetoka tohara mwaka uliotangulia, najiona mwanaume kamili, nikawaleta wenzangu wa rika kula. Mama alisonga ugali wa udaga, muhogo uliovundikwa, na mtama, ule mzito. Ukaja una mabonge, ndani unga mbichi.

Wenzangu walitazamana. Niliona aibu, nikataka imwangukie mama badala yangu. Nikasema kwa sauti, "Mama, huu umeusonga au umeukanyaga?"

Walicheka sana. Mama naye akatabasamu, akasema kuni zilikuwa mbichi.

Shangazi Ghati, dada yake baba, aliniita nyuma ya zizi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Umeutazama ugali. Mkono uliousonga umeutazama lini?"

Nikaenda hadi mlango wa jiko. Shina la gumba lake lilikuwa limevimba kama fundo, gumba lenyewe limelalia kiganjani, halishiki kitu. Mwiko alikuwa ameufunga mkononi kwa kipande cha kanga. Alikuwa akisonga hivyo tangu kiangazi, nasi tulikuwa tukila.

Kwetu mwanaume aliyetahiriwa haingii jikoni kwa mama yake. Nilisimama pale mlangoni, sikuushika mwiko, na hata samahani sikusema. Nilijiambia nitatafuta maneno mazuri. Kisha nikaondoka: Mbalibali, Sirari, na kwingine nisikokuwa na kazi nako. Niliporudi, kaburi la mama lilikuwa limeota nyasi.

Sasa gumba langu la kulia limeanza. Kifungo cha shati kinanishinda. Kifuniko cha chupa ya maji naomba nifunguliwe na jirani kwenye basi. Nesi wa zahanati aliniambia kwa upole kwamba dawa itapunguza maumivu, ila gumba halitarudi lilivyokuwa. Kila nikilitazama naliona la mama, na hakuna barabara nitakayoshika nilikimbie.

Basi, mwanangu, ukikaa kula kwa wazazi wako, anza na mikono yao. Mzee hatakuambia gumba limekataa, atasingizia kuni. Ingia jikoni, wakucheke wanaocheka, ushike mwiko. Usingoje maneno mazuri. Mimi ninayo sasa, na wa kumwambia hayupo.

Mungu akuachie mikono yako siku nyingi. Na itakapochoka, akupe mtu wa kuiona kabla hujaificha.